Baiskeli Zilizojazwa Sabuni

Nilijua kunyoosha gurudumu kabla sijajua kusonga ugali usio na madonge, na sijawahi kumwomba mtu msamaha kwa hilo. Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli hapa Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka Kindu mjini, upande ambao barabara ya kwenda Kampene inaanzia. Mama alifariki nikiwa mdogo. Kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuniachia, nilishinda na baba kibandani kwake, naye akanipa kazi ili nisimsumbue. Kwanza nilipangusa minyororo kwa mafuta ya taa, baadaye nikaziba mipira. Nilipofika miaka kumi na miwili aliigeuza baiskeli miguu juu, akanipa ufunguo mdogo wa spoki, akasema, "Zungusha polepole. Weka kidole karibu ya rimu. Pale itakugusa, pale njo kuna uongo." "Njo" ni "ndiyo" ya huku kwetu, na "uongo" wake ni pale gurudumu lilipopinda.

Nilikuwa na miaka kumi na saba vita ilipoukaba mji. Treni haikuja tena. Chumvi na sabuni vilishuka kwa ndege, na vilipitia kwanza mikononi mwa wenye bunduki. Chakula chetu sisi wengine kililetwa na baiskeli, ingawa hakuna aliyezipanda. Wanaume walifunga fimbo kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, wakaning'iniza magunia ya mchele na madumu ya mawese kila upande, wakasukuma kwa miguu siku nne au tano msituni. Breki yao ilikuwa kipande cha kandambili kilichokanyagwa juu ya tairi la nyuma. Mpira wa ndani ukikosekana, tulijaza tairi nyasi na matambara, tukalizungushia kamba za mpira, nalo likatembea. Lilitembea vibaya, lakini lilifika.

Sitasema wenye bunduki walikuwa wa upande gani. Huku kwetu pande zilibadilika mara nyingi, na adabu zao zilifanana. Asubuhi moja walisimama mwanzo wa barabara na kunyang'anya kila baiskeli iliyotokea msituni. Walimwaga mchele chini, wakawaamuru wenyewe waondoke. Saa sita hivi walizileta zote kibandani kwetu. Zilikuwa kumi na moja.

Mkubwa wao alikuwa mwembamba, wa sauti ya chini, na viatu vyake vilikuwa safi kupita vya mtu yeyote niliyemwona mwaka ule.

"Fundi, kesho kutwa asubuhi velo zote zitembee," alimwambia baba, akizionyesha baiskeli kwa kidole. "Zitabeba masanduku ya risasi mpaka Kampene. Umesikia?"

"Nimesikia, shefu."

"Ikibaki hata moja, utabeba wewe."

Alimwacha askari mmoja atulinde, kisha akaondoka. Baba alizitazama zile baiskeli, akawa anapita kati yake na kuzigusa viti kama mtu anayesalimia. Alimjua mwenye kila moja. Ile ya kijani ilikuwa ya jirani yetu, mjane aliyeuza mawese, ambaye kaka yake ndiye aliyemsukumia mizigo. Ilikuwa mali yake pekee iliyobaki duniani. Tangu asubuhi tulikuwa tumemsikia akilia nyuma ya ukuta wa matete.

Baba alikaa kwenye kigoda chake, akaniambia bila kuinua macho, "Leta ile sabuni nyeusi. Na masizi ya sufuria. Na maharage yako uyachambulie hapa, karibu yangu."

Nilileta sabuni ile ya kienyeji inayopikwa kwa mawese, laini kama unga uliokandwa, nikaichanganya na masizi na mafuta kidogo mpaka ikawa nyeusi, yenye kung'aa. Ukiiweka kwenye kopo huwezi kuitofautisha na grisi kwa macho. Kisha nikaweka bakuli la maharage katikati ya magoti, tukaanza kazi.

Ndani ya kitovu cha gurudumu, kila upande, mna gololi za chuma zinazozunguka kwenye grisi. Baba alifungua kitovu, akatoa gololi zaidi ya nusu, akaziachia moja moja zidondoke katika bakuli langu, nami nikazifunika kwa maharage. Mahali pake alishindilia sabuni. Zile chache zilizobaki alizitenganisha ili gurudumu lisicheze. Ukilizungusha kwa mkono lilikwenda laini, bila sauti, kama jipya. Baada ya magurudumu mawili alinisogezea baiskeli ya pili. Kuanzia hapo tulifanya sawa kwa sawa, siku ile mpaka jioni na siku ya pili mchana kutwa, mbele ya macho ya yule askari.

Mara moja tu alisogea. Aliinama juu ya kopo, akanusa.

"Hii ni nini?"

"Grisi," baba alijibu.

"Inanuka sabuni."

Nilihisi maharage yananiteleza mapajani. Baba alifuta mikono kwenye suruali, akamtazama.

"Toka vita ianze, mwanangu, umeona wapi grisi ya kweli? Tunachanganya. Kama muko nayo kambini, niletee, nitashukuru."

Askari alicheka, akarudi kukaa. Alikuwa kijana wa rika langu, na mpaka leo sijui kama aliamini au alichoka tu.

Jioni ya siku ya pili nilikwenda kwa mjane kuomba moto. Nilipokuwa nachukua kaa nilimwambia maneno niliyotumwa na baba: wenye baiskeli wapite njia za mashambani, wakae mbali na barabara, wazifuate baada ya siku moja. Hazitavuka vilima vya kwanza. Alinitazama, akaweka mkono mdomoni, na hakulia tena.

Waliondoka alfajiri, kila baiskeli na masanduku mawili. Tulisimama mlangoni tukawatazama, na baba akampungia mkono yule mkubwa. Kupanda na kushuka, na matope yakiingia, sabuni ilianza kuyeyuka. Gololi chache zilizobaki zilisagana, zikala chuma, magurudumu yakakaza. Nimezifungua mwenyewe baadaye, najua kilichotokea ndani. Askari wenye mizigo hawana subira na kitu kisichotembea. Walizitupa kando ya barabara, wakabebesha masanduku wanaume waliowakamata vijijini. Hilo la mwisho hatukulifikiria. Baba alilibeba rohoni mpaka kufa kwake, na mimi bado nalibeba. Sitaki msomaji adhani ushindi wetu ulikuwa safi.

Siku ya tatu na ya nne wenyewe walirudi kupitia mashambani, mmoja mmoja, baiskeli mabegani zikiwa zimefunikwa majani ya mihogo. Tisa zilirudi. Mbili hazikuonekana. Ya kijani ilirudi.

Wiki moja baadaye walikuja askari watatu na yule mkubwa. Viatu vyake havikuwa safi tena. Walimtoa baba kibandani, wakampigisha magoti uani.

"Umetuua," mkubwa alisema kwa sauti yake ileile ya chini. "Ulitia nini ndani?"

Askari mmoja akamshika baba mkono wa kulia, akaulaza juu ya lile jiwe tulilotumia kunyooshea vyuma. Ndipo nikatoka.

"Muache! Ni mimi njo nilizitengeneza. Muzee hana kosa. Ni mimi njo nilitia sabuni."

Nilisema kweli, au nusu yake. Nilikuwa tayari kwa chochote, isipokuwa kile kilichofuata. Walicheka. Walicheka wote wanne, hata yule mkubwa, kicheko cha kweli cha watu waliochoka. "Mwanamuke atengeneze velo!" mmoja alisema akijifuta macho. "Binti anamupenda baba yake." Nikaeleza, nikapiga kelele, nikataja gololi, kitovu, ni ngapi nilitoa na ngapi nilibakiza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka. Halafu waliacha kucheka, wakapiga mkono wa baba kwa kitako cha bunduki, mara mbili, wakaenda zao.

Nimeishi na kicheko kile zaidi kuliko nilivyoishi na mlio wa mfupa. Kiliokoa maisha yangu, najua. Lakini kilinifundisha kwamba ningeweza kufanya kazi mbele ya macho ya watu siku mbili na bado nisionekane. Niliapa wataniona.

Mkono wa baba haukufumba tena. Kesho yake nilikaa mimi kwenye kigoda. Baba alikaa pembeni akinielekeza kwa mdomo, na baada ya miezi michache hakuwa na la kunielekeza. Wateja walikuja, wakamuuliza yeye, yeye akawaonyesha mimi kwa kidevu. Wengine waligeuza baiskeli zao wakaondoka. Wenye zile baiskeli tisa hawakuondoka hata mmoja.

Vita iliisha, au ilisogea mbali, tuseme hivyo. Baba alifariki miaka mingi baadaye, nyumbani, kitandani mwake, na hicho pia nakihesabu kuwa kitu tulichowanyima wenye bunduki. Mimi niliolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, na kibanda kikawa duka lenye mlango wa bati. Ndipo zilipoanza kuja baiskeli za milima. Ziliachwa na watu wa miradi ya misaada walipomaliza mikataba yao, zenye matairi manene ya meno na gia nyingi. Zililetwa kwangu zimekufa, kwa sababu hakuna aliyejua kuzifungua. Nilizifungua. Nilikaa na mabaki yake mpaka yakaniambia kila kitu.

Miaka minne iliyopita niliamua kujinunulia yangu. Sikutaka ya kusukuma wala ya kubeba. Nilitaka ya kupanda. Muuzaji upande wa Kasuku, ng'ambo ya pili ya mto, alinionyesha baiskeli ya rangi ya waridi yenye kikapu mbele.

"Mama, hii njo yako. Ile ingine ni ya wanaume."

"Ile ingine ilete."

Aliileta kwa shingo upande: nyekundu, springi mbele, breki za mafuta. Niliibonyeza, nikaisikiliza, nikaigeuza miguu juu pale pale dukani, na watu wakajaa mlangoni. Springi ilikuwa inavuja. Breki za mafuta hapa Kindu ni ugonjwa bila dawa, maana siku zikiishiwa mafuta yake utayapata wapi? Nikaichagua ya tatu, iliyotupwa nyuma ya mabati: fremu ya chuma, uma wa mbele mgumu usio na springi, breki za waya. Chuma kikivunjika, mchomeleaji yeyote atakiunga. Waya ukikatika, nauweka wa pikipiki. Muuzaji alisema nimechagua iliyo mbaya kuliko zote. Nilimwambia tuonane baada ya mvua mbili.

Mavazi yalinisumbua zaidi. Mimi ni Mwislamu, mama wa watu wazima, na sioni kwa nini niache kimojawapo ili nipande baiskeli. Fundi cherehani alinishonea suruali pana yenye mpira kifundoni, isinaswe na mnyororo, na gauni fupi la kufika magotini juu yake. Kaske, ile kofia ngumu, nilijaribu nyingi. Karibu zote zilikaa juu ya kitambaa changu cha kichwa kama kifuniko kisicho cha sufuria yake. Niliyoipata mwishowe ina gurudumu dogo kisogoni la kulegezea, na kitambaa chembamba cha pamba kinaingia chini yake bila kuteleza. Glavu nilikata vidole, ili nikipata pancha niweze kushika kiraka na nati bila kuvua.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, alikuja Ijumaa moja baada ya swala. Alikataa chai.

"Watu wanasema."

"Wanasema nini, shemeji?"

"Mama ya watoto wakubwa, juu ya velo, porini, anaruka-ruka kama mutoto. Unatuangusha. Ndugu yangu angekuwa hai—"

"Ndugu yako alinioa na grisi iko kwenye kucha," nilimkatiza. "Hakuniambia ninawe hata siku ya harusi."

"Basi fanya kazi yako. Tengeneza. Lakini kupanda kwa nini? Unaenda wapi?"

Ningeweza kumwambia naenda kuangalia shamba. Ningeweza kusema ni kwa ajili ya magoti, daktari ameshauri. Angenyamaza, na watu wangenyamaza.

"Siendi mahali," nilimjibu. "Napanda kilima, halafu nashuka. Inanifurahisha."

Aliondoka bila kuaga.

Sasa tuko wanawake watano. Wawili huuza unga wa muhogo sokoni, mmoja ni mwalimu, mmoja ni binti wa mjane yule wa mawese. Tunakutana Jumamosi. Sharti langu ni moja: hakuna anayepanda kabla hajaweza kuvua gurudumu, kuziba mpira na kulirudisha mwenyewe, mimi nikiwa nimekunja mikono. Mwalimu alilia mara ya kwanza. Mara ya tatu alinifukuza nisimkaribie.

Mwezi uliopita, kwenye mteremko wenye mizizi ya miti, tairi langu la mbele liliteleza kwenye udongo mwekundu, nikaenda chini kwa ubavu. Nilichanika kiwiko na gauni. Wanaume waliokuwa wanachoma mkaa pembeni walipiga kelele: "Mama, rudi nyumbani! Hiyo si kazi yako!" Nilikagua usukani, nikakuta umepinda. Nikalibana gurudumu katikati ya magoti, nikaunyoosha, nikakaza nati. Damu ilikuwa inachuruzika mpaka kwenye glavu. Wale wanaume walikuwa wameuacha mkaa wao wakitazama mikono yangu. Nikapandisha baiskeli mpaka juu kabisa, nikaushuka tena mteremko uleule, safari hii uzito wangu nikiwa nimeuweka nyuma ya kiti.

Habari ilimfikia shemeji kabla sijafika nyumbani. Alituma ujumbe kwamba hatakuja kwangu Idi hii. Nilimtumia sahani ya pilau. Sahani ilirudi tupu. Kidonda cha kiwiko kimefunga, na Jumamosi tulikwenda tena, kumenyesha, tope limefika mpaka kwenye pedali.