Paka wa Bibi Milembe na Kibanda cha Mbwa Wetu

Juzi nilikuwa nimeketi kibarazani kwa binti yangu, hapa Kambarage, nachambua mchicha, nikamwona paka wa jirani anapenya chini ya geti. Hakukimbia wala hakunyata. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha mbwa wetu, akaingia, akajikunja juu ya gunia. Mbwa mwenyewe, ambaye jana yake tu alimtoa mbio muuza mkaa hadi barabarani, alisimama nje akiutazama mlango wake kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Wajukuu walicheka, mmoja akaleta simu kupiga picha. Mimi mchicha ulinishinda, nikauweka chini.

Maana, rafiki yangu, paka wa namna hiyo nilikwisha kumwona, na yule hakuishia kuchekwa tu.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Tulikuwa tumehamishiwa kijijini, upande wa Kishapu. Zamani kila mji ulikaa peke yake, katikati ya mashamba yake, na jirani ulimjua kwa moshi wake tu. Sasa tulipangwa mistari, nyumba kwa nyumba, hata mtu akikohoa unasikia. Kati yetu na jirani yetu kulikuwa na ua wa minyaa uliokuwa bado mchanga, wenye matundu ya kupita kuku, na mtoto pia. Jirani huyo alikuwa Bibi Milembe binti Shija, mjane, watoto wake wote wamekwenda kutafuta dhahabu upande wa Geita. Mali yake ilikuwa mbuzi wanne, kihenge cha mtama, na paka wa kijivu mwenye sikio lililokatika ncha.

Kila asubuhi mama alinipa kigae cha chungu nikachukue moto kwake, kwa sababu Bibi Milembe aliamka kabla ya watu wote. Viberiti vilikuwa vya shida. Nilikuwa namkuta anatia kinyesi cha ng'ombe kikavu mekoni, macho yamemwiva kwa moshi, naye alinitilia makaa mawili kwenye kigae, na juu yake kuniwekea michembe mkononi, ile ya viazi vitamu vilivyokaushwa, inayolia mdomoni kama changarawe kabla haijalainika. Nilikuwa nairudia njia ile taratibu, nikipuliza makaa na kutafuna.

Basi kiangazi kimoja baba yangu, Masanja, alirudi kutoka Masumbwe na mbwa mdogo ndani ya kikapu, nyuma ya baiskeli. Mama yake mbwa alikuwa amekanyagwa na lori la pamba. Mtoto mwenyewe macho yalikuwa ndiyo kwanza yanafunguka. Baba alimpenda sana, alisema mbwa wa kule hawaogopi fisi. Akampa jina Watasema. Kwetu jina la mbwa lilikuwa barua kwa majirani. Ulichoshindwa kumwambia mtu usoni, ulimwita nacho mbwa wako jioni kwa sauti kubwa.

Kumlisha ilikuwa kazi yangu. Ndimi niliyesukasuka kibuyu cha maziwa kila siku, mpaka siagi ikajitenga na mikono ikafa ganzi. Kiangazi kile ng'ombe wote walikauka, akabaki Nyota peke yake. Mama alikuwa ananipimia maziwa ya mbwa kwenye kibuyu kidogo, nichovye kitambaa nimnyonyeshe. Na mimi nilikuwa nayanywa.

Ndiyo, nilikuwa nayanywa. Siku ya kwanza nilionja. Siku ya pili nilikunywa nusu. Siku ya tatu nilimaliza yote, nikamlowekea kitambaa maji. Siku ya nne yule mbwa hakulia tena, alikuwa anafungua mdomo bila sauti. Niliogopa. Nikamfunga kwenye khanga, nikapenya tundu la minyaa, nikamkimbilia Bibi Milembe.

Paka wake alikuwa amezaa nyuma ya kihenge, na watoto wake wawili walikuwa wamechukuliwa na kicheche, akabaki mmoja. Bibi Milembe alimtazama mbwa, akanitazama mimi, hakuuliza maziwa yalikwenda wapi. Alimlaza mbwa kando ya yule mtoto wa paka. Paka alimnusa, akamlamba kichwa, akajilaza. Ile sauti ya kunyonya bado iko masikioni mwangu. Nilimshika bibi mkono, nikamwomba asimwambie baba. Kipigo nilikiogopa, lakini zaidi niliogopa baba kusikia kwamba mbwa wake wa fisi amenyonyeshwa na paka. Angemtupa. Bibi Milembe akasema, "Sitasema." Kwa majuma matatu nilimpeleka na kumrudisha kwenye khanga, na nyumbani wakasifu jinsi ninavyojua kulea.

Watasema alikua, akawa balaa. Alirarua suruali ya bwana shamba. Alibwekea ngedere, mwezi, na kivuli cha ndoo. Baba alimjengea kibanda cha mabua kando ya zizi la ndama, na hakuna kiumbe kilichosogelea pale. Isipokuwa paka yule. Kila siku jua likishaanza kulala upande, alipita tunduni, akala mabaki ya ugali, akaingia ndani ya kibanda na kusinzia. Mbwa alitoka akampisha. Alilala nje juani, kidevu juu ya miguu, mpaka mwenzake aamke.

Wanawake waliokuwa wakipita kwenda kisimani waliona hayo. Mwanzoni walicheka. Halafu mvua ilichelewa, na Mzee Sayi, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, akafiwa na ndama wawili ndani ya juma moja. Ndipo kicheko kilipogeuka. Walianza kusema kwamba paka asiyebwekewa na mbwa mkali vile si paka wa kawaida. Wakasema huyo ametumwa kwa uchawi. Na aliyemtuma, we tazama macho yake yalivyo mekundu.

Kwetu mtu akitengwa hakupigwa wala hakutukanwa. Alinyimwa salamu, alinyimwa moto, na kisimani watu walikaa mbali wakingoja aondoke ndipo wachote. Asubuhi moja mama hakunipa kigae. Aliniambia niende upande wa pili, kwa mke wa Ngassa. Nilipouliza kwa nini, akasema nitafute la kufanya.

Siku nane nilikaa kimya. Zile siku nazijua moja moja. Nilimsikia Bibi Milembe kupitia minyaa akizungumza na mbuzi wake kwa sababu hakuwa na wa kuzungumza naye. Nilijua kwamba neno langu moja lingetosha, na nilijua kwamba yeye analijua neno hilo vilevile. Kila asubuhi nilitegemea alitoe yeye ili mimi nisilitoe. Hakulitoa.

Siku ya tisa wazee walikutana uwanjani kwetu, mchana, kwa kuwa kibanda chenyewe kilikuwa kwetu. Wengine walikwisha kusema afungishwe mizigo aende huko kwa wanawe kabla hajammaliza mtu. Bibi Milembe alikuja peke yake, akaketi chini, akanyoosha miguu. Mzee Sayi akaanza. Alisema mbwa wa Masanja hubwekea hata upepo, lakini paka huyu humpisha mlangoni, na yeye anataka kuelezwa sababu.

"Paka ni wangu," alisema Bibi Milembe. "Ya mbwa sina la kusema."

Wakamuuliza tena, na mara ya tatu. Jibu lilikuwa hilohilo. Hakunitazama hata kidogo. Nadhani angenitazama ningekimbia.

Mtoto wa kike hakusimama mbele ya wazee. Nilikwenda kwa magoti kutoka mlango wa jiko mpaka miguuni kwa baba, nikaamkia. "Baba, Watasema alinyonya kwa paka yule. Mimi ndiye niliyempeleka. Maziwa yake nilikuwa nayanywa mimi."

 Mzee Sayi akatema mate pembeni akasema huyu kafundishwa, mtoto ukimpa michembe atasema lolote. Shingo ya baba ilivimba. Na jua lilikuwa limeanza kulala upande. Paka akaja. Alipita katikati ya miguu ya wazee kama wao ndio wamemwingilia, akafika kibandani. Mbwa akainuka. Safari hii hakumpisha. Labda kwa wingi wa watu alikuwa na hofu, sijui. Alilala chini, akasukuma pua yake kubwa tumboni kwa paka, anatafuta. Paka akamzaba kofi la pua, halafu akamlamba sikio.

Mzee Ngassa ndiye aliyecheka wa kwanza. "Jitu zima lenye meno ya kung'oa fisi, bado linatafuta ziwa la mama yake." Wakacheka wote, ila Sayi. Yeye alichukua fimbo yake akaenda zake, na mpaka anakufa hakumsalimia tena Bibi Milembe.

Baba aliingia jikoni, ambako moto ulikuwa unawaka na moshi wake kila mtu anauona. Akatoka na kigae, akanipa mbele yao. "Nenda kwa bibi yako, kalete moto."

Jioni nilichapwa, tena vizuri, na baba alitaniwa kwa mbwa wake miezi mingi. Hakumtupa. Mimi nilipomuuliza Bibi Milembe kwa nini alikubali kunyamaza vile, alikuwa anapepeta mtama, hakusimamisha hata ungo. "Uliniomba, nikakubali. Sasa nigeuke kwa maneno ya kisimani?" Basi. Mimi sikumwomba radhi. Nilidhani nimekwisha kuyalipa kwa fimbo.

Watu walioikumbuka habari hii walinisifu, wakasema mtoto yule alimwokoa bibi wa watu. Nami nilikubali sifa. Zile siku nane hakuna aliyezijua isipokuwa yeye na mimi.

Mwaka jana nilikwenda kule kwenye msiba. Mistari ya nyumba imevunjika, watu wametawanyika tena, wengine wamefuata machimbo. Minyaa imeng'olewa. Ngassa, Sayi, baba, mama, wote wako chini. Pale kwa Bibi Milembe pamelimwa pamba, na mama mmoja alikuwa anapalilia, mtoto mgongoni. Nilimsalimia, nikamuuliza kama anajua shamba hili lilikuwa mji wa nani. Akasema yeye ameolewa hapa, amekuta shamba tu.

Nikamwambia, hapa alikaa Milembe binti Shija. Alisimama kidogo kwa heshima, akaitikia, "Haya bibi," akarudi kwenye jembe lake. Nilibaki pembeni ya tuta, jua la utosi likinichoma, mpaka mjukuu wangu alipokuja kunishika mkono.