Sare ya Asubuhi Moja

Mwalimu mkuu alituvua sare mbele ya shule nzima, tukarudia matambara yetu huku wenzetu wanacheka. Mpaka leo nikipita kwa fundi cherehani nikanusa kaki mpya, navuka upande wa pili wa barabara.

Ziwa lilikuwa limekula nyumba zetu. Tulikuwa tunalalaga kwenye ghala la pamba, mbegu zilizooza zinanuka mpaka kwenye uji. Serikali ikatoa pesa ya kusomesha watoto tuliokosa makazi. Asubuhi hiyo mgeni wa serikali kutoka Musoma akatuvalisha sare zilizonunuliwa kwa pesa hiyo, akapigiwa makofi. Vumbi la gari lake halijatulia, mtendaji wa kijiji akasema, "Haya, vueni. Mtazichafua huko ghalani." Mwalimu mkuu akatuvua mmoja mmoja.

Mama akamwuliza mwalimu mkuu, "Sasa mwanangu atasoma uchi?"

"Mama, shukuru hata alivaa."

Jumatatu mwalimu huyohuyo akanifukuza kwa kukosa sare. Shule yangu ikaishia hapo. Sokoni Bunda, mke wa mtendaji alikuwa anauza kaptula mpya za kaki.

Mwalimu alishakufa. Mtendaji yupo, kanisani anakaaga benchi la mbele. Asimame hapohapo aseme: ile pesa ya kunisomesha mimi ilimsomesha nani?