Tundu la Pembeni

Shangazi huunda redio za madereva wa malori, zile za kuitana barabarani. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: meza mbili na feni yenye kelele. Kasha la kwanza kabisa alilitoboa vibaya, tundu moja likazidi pembeni. Na kwa kuwa hilo ndilo analopimia mengine, redio zake zote zina tundu lisilo na kazi.

"Fundi, hili la nini?" wateja humtania.

"La redio kuvuta pumzi."

Mwaka jana kampuni ya malori ya nchi jirani iliagiza redio mia mbili. Kuziuza nje kunahitaji kibali cha usalama, maana redio hata adui anaweza kuitumia. Shangazi hakubisha. "Nchi lazima ilindwe," alisema, akamkabidhi Mkaguzi wa serikali redio moja pamoja na mchoro wake. Mkaguzi ni mtu mpole, hucheka kabla hujamaliza kusema. Alikaa navyo miezi mitatu ndipo akavirudisha. Kibali hakikutoka, na agizo likaenda kwa kampuni kubwa iliyoibuka na redio mpya, bei ya chini.

Juzi dereva mmoja akaleta hiyo redio mpya, imekufa. Shangazi aliigeuza, akaniita kwa kidole. Pembeni, palepale, tundu.

Tangu hapo kila skrubu anaipaka tone la rangi ya kucha, ajue ikifunguliwa, na mchoro analala nao chini ya godoro. Jirani akija kuomba chumvi, Shangazi anamsindikiza mpaka mlangoni.

Sasa madereva wa nchi jirani wamerudi. Redio za ile kampuni kubwa haziwezi joto, wanataka zake, mradi kibali kipatikane mwezi huu. Jumatatu Mkaguzi akaja.

"Dada, nipe moja nikaikague ofisini. Na mchoro."

"Kagua hapa hapa, kaka yangu. Kiti hicho."

"Utaratibu hauruhusu."

"Ila unaruhusu miezi mitatu?"

Alicheka, lakini safari hii kicheko kilichelewa. "Unamwogopa adui au unaniogopa mimi?"

Shangazi akaweka redio mbili mezani, yake na ile iliyokufa, matundu yakimtazama mgeni. "Nisaidie, kaka. Langu nililikosea mwenyewe. Hawa wenzangu walilikosea lini?"

Mimi nilitazama mikono ya Mkaguzi, maana uso wake umeshazoea kucheka. Kidole gumba kilitambaa juu ya meza, kikaliziba tundu la redio ya kampuni.

"Leta bisibisi," alisema.

Alikagua mpaka alasiri, Shangazi kakaa mbele yake hata maji hakwenda kunywa. Ijumaa kibali kikaletwa, na mhuri wake. Shangazi alikisoma mara mbili, akakiinua kwenye mwanga.

"Mbona upesi hivi?"

Kisha akachukua keekee ya kutobolea na kasha jipya la kupimia, akahamishia tundu upande wa pili. "Tuone na hili watalikosea lini."