Mahali: Juu ya Ivia

Chati iliyomwangusha Kalunde ilikuwa yangu. Naanza na hilo ili nisije nikaonekana mtakatifu katika habari hii. Ina simba, mlima wenye theluji na ufuo wa bahari, na nimeitundika mbele ya darasa la tano miaka kumi na mitatu bila mtu yeyote kuilalamikia.

Kalunde alikuja shuleni kwetu, huku Mwala kwenye joto, mwishoni mwa Agosti, kufanya mazoezi yake ya mwisho ya kufundisha kabla ya kumaliza chuo cha ualimu. Hakuwa msichana mdogo. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na sita kati ya hiyo aliimaliza akifunga katoni katika kiwanda kimoja huko Mlolongo, karibu na Nairobi. Siku moja aliacha kazi, akaenda kukaa benchi moja na watoto waliotoka sekondari juzi. Hapa ni kwao, mama yake anaishi ng'ambo ya mto, lakini watu walikuwa wamemzoea kama mgeni wa Krismasi.

Mimi ndiye niliyepewa kumlea. Jina langu ni Ndolo, nimefundisha hapa miaka kumi na tisa, goti langu la kushoto ni bovu na kelele sizipendi. Somo lilikuwa mahali pa kupendeza nchini Kenya, nami nikamwazima chati kwa roho safi kabisa.

Siku hiyo Bwana Kitonga, mkufunzi kutoka chuoni, alikuwa ameketi nyuma na faili lake. Kalunde akauliza, "Nani amewahi kuona mahali pazuri hapa Kenya?" Watoto arobaini na mmoja, hakuna mkono. Akauliza tena. Badala ya jibu, Mbula, binti mwenye mdomo wa pilipili anayeketi dirishani, akamuuliza, "Mwalimu, wewe ulienda hiyo bahari lini?"

"Sijawahi," Kalunde akasema. Hajui kudanganya, na siku hiyo nilitamani angejua.

Bwana Kitonga aliandika kwamba somo halikuwagusa wanafunzi, na kwamba mwalimu hajafaulu. Ilibaki tathmini moja tu, baada ya majuma matano. Akianguka na hiyo, hakuna cheti. Anarudia mazoezi yote mwaka ujao, kama ataweza kuurudia. Nilikasirika kwa niaba yake, na kwa niaba ya chati pia. Yeye aliibandua ukutani taratibu, akaikunja, akanirudishia.

"Asante, Mwalimu. Lakini hii si ya hawa watoto."

"Na ya hawa watoto iko wapi?"

Akaonyesha dirishani. Nyuma ya shule yetu kuna jabali kubwa jekundu ambalo watu wa huku huliita Ivia, yaani jiwe. Hakuna aliyewahi kujisumbua kulipa jina lingine. Mimi nililijua kama kitu kinachotupunguzia jua la jioni na kupoteza mbuzi za watu.

"Hiyo ni jiwe tu," nikamwambia.

"Umewahi kupanda?"

Nikamweleza kuhusu goti. Hakuniuliza goti limekuwa bovu kwa muda gani, na nilishukuru, maana ni miaka sita tu.

Mwalimu mkuu wetu, Bi. Ann, alimsikiliza, kisha akakataa. Njia ya kupanda Ivia ilikuwa imezibwa na miiba tangu wachungaji walipohamia malisho mengine, na yeye hakuwa tayari kuwaeleza wazazi kwa nini mtoto amerudi na mwiba machoni. "Njia ikifyekwa na wazazi wakubali, utaenda," alisema. "Vinginevyo fundisha hapa ndani kama wengine."

Mtu mwingine angerudi kwenye chati. Kalunde alikwenda kanisani Jumapili, akasimama baada ya matangazo, akaitisha mwethya. Kwa asiyejua, mwethya ni watu wa kijiji kukusanyika na kumfanyia mmoja wao kazi asiyoiweza peke yake: leo shamba la huyu, kesho nyumba ya yule. Anayesaidiwa huwapikia. Basi Jumamosi Kalunde na mama yake wakachemsha isyo, mahindi na maharagwe, sufuria mbili za kutosha watu thelathini. Wakanoa panga, wakangoja chini ya jabali.

Hakuja mtu. Yaani hakuja hata mmoja, ukiniondoa mimi, nami sikuja kufyeka. Nilikula sahani mbili kwa aibu, kwa sababu kuondoka bila kula kungekuwa vibaya zaidi. Mama yake alilia kidogo. Kalunde hakulia, alifunika sufuria, akaichukua moja kichwani, akaenda nayo mtoni.

Huko mtoni wanawake wa kikundi cha Kalekye walikuwa wakijenga ukuta wa kuzuia mchanga. Mto wetu hauna maji juu mwaka mzima. Ukiuwekea ukuta, mvua inaleta mchanga, mchanga unashika maji, nasi tunachimba na kuteka hata Septemba. Ilibidi ukuta uishe kabla ya mvua ya Novemba. Kalunde akatua sufuria, akasema chakula kisiharibike. Walikula vizuri. Ndipo Kalekye, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akamwambia ukweli.

"Msichana wangu, mwethya si matangazo. Hii miaka yote uko Mlolongo, ulisaidia nani? Mimi nilijenga jikoni, hukuwa. Kina Mbula walichimba choo, hukuwa. Sasa unapika isyo unafikiri sisi tuko na njaa?"

Wengine wakacheka. Kalunde aliniambia baadaye kwamba maneno yale yalimuuma kwa sababu hayakuwa na kosa. Alikuwa ameuita mkono wa watu kabla ya kutoa wake.

"Ni kweli, mwaitu," Kalunde akamjibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Mawe yanatoka wapi?"

Kutoka siku hiyo alikuwa mtoni kila alfajiri kabla ya kengele ya shule, na Jumamosi kutwa. Alibeba mawe kichwani, akakoroga simiti kwa sepetu, akapitisha karai. Juma la kwanza alishika chaki kwa vidole viwili, kwa sababu viganja vilikuwa malengelenge matupu. Nilimwambia apumzike, andalio la somo halijiandiki lenyewe. Akaniambia ameandika usiku. Nikamwambia atajiua. Akaniambia, "Mwalimu, hawa watoto wamezaliwa chini ya hiyo jiwe. Siwezi nikawauliza mahali pazuri tena wakanyamaza."

Jumamosi ya tatu hakuitisha chochote. Alikuwa akifunga leso kichwani aende mtoni aliposikia panga zikigonga nyuma ya shule. Kalekye na wenzake ishirini na wawili walikuwa wamekwisha kuingia miibani. Hawakumwambia karibu wala pole, walimpa panga. Saa nane mchana njia ilikuwa wazi mpaka kileleni, na sehemu yenye utelezi wakaiwekea ngazi za mawe, maana mikono ilishazoea. Isyo ya siku hiyo waliileta wao. Wengi wao walikuwa wazazi wa darasa la tano, wale wengine wakakubali Jumatatu, na Bi. Ann akatoa ruhusa.

Bwana Kitonga alikuja Alhamisi ya juma la mwisho, viatu viking'aa. Ofisini akalisoma andalio la somo. "Mahali: Juu ya Ivia," akasema. "Ivia ni darasa gani?"

Nikamwonyesha dirishani. Aliviangalia viatu vyake, akaliangalia jabali, akapanda. Nami nikapanda nyuma yake, kwa sababu mwalimu mlezi lazima awepo, nikilitukana goti langu kimya kimya kwenye kila ngazi. Kalekye na wenzake watatu walikuwa wamekuja kuwashika watoto mikono penye mteremko.

Sitaki kusema mengi juu ya nilichokiona huko, kwa sababu naona haya. Miaka kumi na tisa! Machweo yalikuwa mbali, ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, na kila kitu kilikuwa wazi. Upande mmoja vilima vya Iveti, vya kijani, vimepangana. Upande wa pili uwanda wa Yatta umenyooka kama umechorwa na rula. Mabati ya Masii yalimetameta. Chini yetu mto wa mchanga ulipinda mweupe katikati ya mashamba, na penye ukuta mpya palikuwa na alama nyeusi ya unyevu.

Kalunde hakuhubiri. Aliwaambia watoto watafute kwao, kisha watafute kitu ambacho mgeni angekuja kukiona. Ikawa kelele, na kwa mara ya kwanza sikuikataza. Mwishoni Bwana Kitonga akafunga faili, akasimama, akauliza yeye mwenyewe, "Nani hapa amewahi kuona mahali pazuri nchini Kenya?"

Watoto wote arobaini na mmoja wakanyoosha mikono. Mbula alinyoosha yote miwili. Wanawake wanne wakanyoosha. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya jiwe nikilisugua goti, na nilipotazama, wangu pia ulikuwa juu.

"Ndiyo, Ndolo," Kalunde akaniita, kama anavyowaita wanafunzi wake.

Ikabidi nisimame. Nikawaonyesha paa la nyumba yangu, ambalo sikuwahi kuliona kutoka juu, na uzi mwembamba wa njia niliyoifuata kila siku bila kuinua kichwa. Watoto wakanipigia makofi.

Bwana Kitonga aliandika akiwa amesimama, akampa Kalunde karatasi. Kalunde aliisoma mara mbili. Amefaulu; amemaliza; hakuna tena aliyemdai kitu hapa, angeweza kufunga mizigo jioni ile. Akafuta macho kwa kile kiganja chake kigumu, akamgeukia Kalekye.

"Mwaitu, Jumamosi ni kazi ya nani?"

"Ni ukuta, tumalizie," Kalekye akasema, kisha akaniangalia mimi, kutoka kichwani mpaka gotini. "Na huyu mwalimu atabeba maji. Si ameweza kupanda?"

Nilibeba.