Mume yuko kaburini, jikoni bado anaelekeza

Saa kumi na mbili kasoro jioni. Mama Shuka anaingia ndani, anavua viatu bila kuinama, anatundika mkoba nyuma ya mlango na kwenda moja kwa moja jikoni. Hakai. Akikaa, anasema, hainuki tena mpaka kesho. Anaegemeza simu ukutani, kando ya kopo la majani ya chai, na kubonyeza.

"Nawa mikono," inasema sauti ya mwanamume.

Anageukia bomba.

"Na usiniambie umenawa kazini. Nakujua, bibie."

Mama Shuka anacheka puani na kunawa. Mwenye sauti hiyo ni mumewe, na alizikwa miezi kumi na moja iliyopita.

Leo ni Jumanne, na Jumanne ni dengu na karoti. "Kata kitunguu," sauti inasema, kisha inanyamaza. Jikoni kunabaki mlio wa kisu tu. Kisu cha Mama Shuka kinakwenda polepole, na yeye mwenyewe hakatai. Dakika zinapita, nne hivi. Kipande cha mwisho kinapoanguka ubaoni, sauti inarudi: "Haya, mafuta. Kijiko kimoja. Nimesema kimoja."

Chupa ya mafuta ilikuwa imeshainamishwa kwa kijiko cha pili. Anairudisha. Mgeni aliyekaa kwenye kigoda akiandika anainua kalamu na kuitazama simu, lakini mwenyeji wake anaendelea kukoroga kana kwamba redio inasoma bei ya nyanya.

Jina la Mama Shuka alipewa kazini. Anafua na kukunja mashuka hospitalini, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ni mwaka wake wa kumi na nne. Kwa siku hukunja mashuka yasiyopungua mia tatu, na ukimpa mkono utadhani umeshika kamba ya katani.

Mshahara wake anaukata mafungu matatu. La kwanza ni kodi ya nyumba, la pili ni dawa za mtoto. "La tatu ni chakula, nauli na dunia nzima iliyobaki," anasema. Nyama huingia nyumbani mara moja kwa wiki, tena ikiwa na haya.

Mtoto mwenyewe ni binti wa miaka tisa, ambaye baba yake alimbatiza jina la Mwonjaji. Alipokuwa na miaka mitano aliamka uso umevimba hadi macho hayafunguki. Figo. Tangu siku hiyo daktari alikataza chumvi ila chembe, na vyote vya pakiti, na vile vya kukaangwa barabarani ambavyo mzazi aliyechoka hununua njiani akajisemea kwamba kesho atapika.

"Wenzangu wakitoka kazini wananunua vitu vimefungwa kwenye karatasi, wanakwenda zao," anasema. "Mimi siwezi. Kwa mwanangu ile ni sumu. Lazima nipike kila jioni, na kwa senti zile zile."

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana Mama Shuka hakujua kupika. Usicheke. Mumewe alikuwa mpishi wa shule, akitoka kazini saa nane mchana, na jiko la nyumbani lilikuwa lake. Alijua kuidanganya sahani isiyo na chumvi kwa ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, na alijua saa ambayo wauza mboga huchoka kubishana bei. "Mimi na jiko tulikuwa paka na panya," anakiri mjane huyo. "Nikichemsha maji yanaungua."

Kitu ambacho yeye hakukijua ni kwamba moyo wa mumewe ulikuwa umeshapimwa na kukutwa mbovu. Miezi minne alilificha jambo hilo. Jumatatu moja akaanguka kwenye stoo ya shule akiwa na ndoo ya viazi mkononi, ikawa ndiyo basi.

Walipokuwa wakitafuta picha ya kuweka msibani, wifi yake alifungua simu ya marehemu akakuta sauti tano. Kila moja ilikuwa na jina la siku: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

"Nilizifungua siku ya arobaini, kwa kuwa nyumbani tulikuwa tumebaki na uji," anasema. "Jumatatu akaniambia niwashe moto. Nikawasha. Akanyamaza, nikakata. Nilipomaliza tu, akaendelea. Nikasema huyu mtu ananiona."

Kisha anaeleza kile ambacho wengi hawamwamini. Jumanne ya kwanza kabisa, sauti ilisema: "Sasa umeungua kidole. Weka kwenye maji baridi, usikinyonye." Kidole kilikuwa mdomoni.

Mtaani habari zilianza kivingine. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alisikia sauti ya mwanamume kwa mjane jioni tatu mfululizo. "Nikasema loo, hata udongo haujakauka!" anasimulia fundi huyo, mwanamke mcheshi mwenye futi ya kupimia shingoni. "Nikaenda kuchungulia dirishani nimjue huyo bwana. Nikaitambua sauti. Ndugu yangu, nilidondosha gauni la watu mtaroni, na nikalilipa."

Siku nne za kwanza mtu anaweza kuzizoea. Ya tano ni habari nyingine.

Ijumaa hakuna neno. Ni dakika thelathini na nane za mtu anayepika kimya. Kiberiti. Maji. Kisu. Mfuniko. Mama Shuka alijifunza kuifuata kwa masikio: akisikia maji, naye anamwaga maji, akisikia mwiko, naye anakoroga. Kulikuwa na mlio mmoja tu uliomshinda, tiki, tiki, tiki, kama mvua inayoanza juu ya bati. Aliuliza kazini kote. Hakuna aliyeujua.

Kisha, dakika ya ishirini na sita, marehemu anazungumza. Si kwa mkewe.

"Ee, nakuja," anasema, kwa upole. "Ngoja nimalize."

Baada ya hapo kisu kinakwenda mbio, na mfuniko unawekwa kwa haraka, kama mtu anayesubiriwa mlangoni.

Simu inaonyesha sauti hiyo ya Ijumaa aliirekodi siku ya Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri. Mkewe alikuwa kazini, mtoto shuleni. Mlango hufungwa kwa ndani. "Nilimuuliza jirani, nikamuuliza wifi, nikamuuliza hata muuza maji," anasema Mama Shuka. "Hakuna aliyemwita." Jumatatu iliyofuata ndiyo aliyoanguka.

Anadhani alikuwa akimjibu nani? Anainamisha uso kwenye sufuria. "Mimi nafua mashuka, ndugu mwandishi. Mambo hayo siyajui." Anaonja, anaongeza ndimu.

Hata hivyo, chakula kilipikika, na Mwonjaji akala. Tatizo likawa kwamba hakula bila sauti. Alikaa kwenye kigoda chake akimsikiliza baba yake mpaka aseme "karibuni", na Ijumaa mpaka mfuniko wa mwisho, ndipo ashike kijiko. Mama hakuona ubaya. Nani angeona?

Ubaya ulikuja Jumatano moja, wiki tatu zilizopita. Simu iliteleza ikatumbukia kwenye beseni la mboga. Sauti ilikuwa imefika "Sasa weka..." ikakatika. Mama akamalizia kwa kubahatisha, akapakua. Mtoto alikaa na sahani mbele yake hadi ikapoa.

"Nikamwambia, kula mama, utakunywa dawa na nini? Akaniambia, 'Baba hajamaliza.'"

Alhamisi vivyo hivyo. Fundi simu alisema arudi baada ya siku tatu, na asiombe miujiza. Ijumaa asubuhi, macho ya mtoto yalikuwa yameanza kuvimba. Mama Shuka alimkimbilia muuguzi wa wodi ya watoto wakati wa mapumziko. Muuguzi hakumficha: kesho akiamka bado hajala, alete nguo zake, atalazwa.

Hapa msomaji anapaswa kujua jambo la chumba cha kufulia cha hospitali. Shuka la kitanda alichofia mgonjwa hushuka likiwa na fundo kwenye pembe moja. Wauguzi hulifunga ili lifuliwe peke yake. Na mfuaji, kabla ya kulifungua, husema "pole" kwa sauti ya kusikika, hata kama chumbani yuko na mashine tu. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo na hakuna anayeivunja.

Mashuka ya wodi ya watoto yana samaki wa bluu. Ijumaa hiyo yalishuka mafundo mawili, yote ya samaki.

"Nilisema pole," anasimulia. "La pili nilishindwa kulifungua. Nililikalia. Nikajiambia, mwanangu halalii haya. Sitayafua haya nikijua ni yake." Ni mara pekee katika mazungumzo yetu aliyofuta macho, na aliyafuta kwa kisigino cha mkono, kwa hasira.

Jioni hiyo aliingia jikoni hana simu, hana sauti, na ilikuwa siku isiyo na maneno. Akaanza kwa kumbukumbu. Maji. Kisu. Mafuta kijiko kimoja. Alipotaka kumimina nyanya, sauti ikasema nyuma yake:

"Bado. Hicho kitunguu bado."

Ilikuwa sauti ya mtoto, ila mwendo wake haukuwa wa mtoto. Ulikuwa mzito, wenye nafasi katikati, wa mtu anayesubiri mkono wa mwingine umalize. Mama Shuka hakugeuka.

"Niliogopa nikigeuka ataacha," anasema. Kisha anaongeza, kwa sauti ya chini: "Na niliogopa nitakayemwona."

Sauti ikaendelea. Punguza moto. Nyanya sasa. Funika. Leta kopo.

"Kopo gani?"

"La juu. Nyuma ya taa."

Alipanda kigoda akapapasa. Kulikuwa na kopo, vumbi tupu, ambalo hakuwahi kuliona tangu ahamie nyumba ile. Ndani mlikuwa na ufuta. Akaambiwa auweke kwenye kikaango kikavu. Akauweka, akasubiri.

Tiki, tiki, tiki.

"Niliepua kikaango," anasema. "Nikamuuliza, nani kakwambia haya? Akanishangaa kweli. Akasema, 'Si ya Ijumaa hii, mama? Kwani wewe humsikii?'"

Mwonjaji alikula sahani mbili usiku huo, akanywa dawa, akalala kitandani kwake.

Fundi cherehani ana maelezo yake, na ni ya mtu mwenye akili timamu. "Mtoto alikuwa mguuni kwa baba yake kila jioni, akionja," anasema. "Atakosaje kujua kopo liko wapi?" Huenda ni hivyo. Mwandishi aliondoka na maelezo hayo na kuyashikilia sana njiani.

Simu ilipona. Sauti zote tano zipo, ingawa Ijumaa Mama Shuka haiwashi tena. Jumatatu na Jumatano anapika mwenyewe kwa kichwa chake, anaunguza kidogo, na Mwonjaji anakula huku akimcheka. Kliniki ya wiki iliyopita mtoto aliongezeka kilo moja na nusu, uvimbe wa uso umekwisha, na muuguzi alimwandikia arudi baada ya mwezi mzima.

Lakini daktari amesema pia kwamba ulaji huu huenda ukawa wa maisha. Neno hilo ndilo lililompa Mama Shuka mpango wake. Siku tano zimeshapikwa na mwenzake. Anataka yeye arekodi mbili zilizobaki, Jumamosi na Jumapili, kwa sauti yake.

Jumamosi iliyopita alijaribu mara ya kwanza. Aliegemeza simu ukutani, akakohoa kama mtu anayetaka kuhutubia, akaanza na viazi vitamu na maharage. Mwonjaji alikuwa kwenye kigoda.

"Mama," akauliza, "kwani na wewe unakwenda?"

Mama Shuka alizima simu. "Sijui," akamjibu. "Baba yako alijua. Mimi sijui, ndiyo maana naanza mapema, wakati bado napiga kelele na wewe hapa."

Mtoto akafikiri, akakubali, akaomba karoti ya kutafuna.

Akawasha tena. "Kata viazi," akasema, kisha akasimama na mdomo wazi. Hakujua anyamaze kwa muda gani. Mumewe alikuwa na mikono ya mkewe ya kupimia, aliyoitazama miaka kumi na miwili. Yeye anampikia nani? Msichana wa miaka kumi na mitatu, au mwanamke mzima mwenye watoto wake? Alimwomba Mwonjaji anyooshe vidole, akavitazama kimoja kimoja, bado vidogo, na kisu bado hajaruhusiwa kukishika.

"Nitaacha nafasi ndefu," aliamua mwishowe. "Akiwa ameshakuwa mtu mzima, atanisubiri. Na akiwa bado mtoto, nitamsubiri mimi."