Jogoo Wangu Mbele ya Madhabahu

Jamani, hadi sasa mwili unanisisimka. Mimi, kiongozi wa maombi hapa Mwankoko, Jumapili nimetolewa pepo mbele ya kanisa zima!

Asubuhi nilimtafuta jogoo wangu wa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, hadi kwa majirani, nikamkosa. Nikaenda ibadani na hasira zangu. Mchungaji akasema tufumbe macho, anamwombea mama mmoja mgeni aliyetaka kuokoka. Nikafumba jicho moja. La pili likaenda kwenye sadaka za mavuno, na pale, kando ya magunia ya alizeti, nikamwona jogoo amelazwa, mguuni ana kitambaa chekundu nilichomfunga mwenyewe!

Yaani mtu anamtolea Mungu mali ya wizi? Nikaanza kuwakagua majirani mmoja mmoja, maombi siyasikii tena.

“Shetani, mwachie!” mchungaji akapaza sauti. “Huyu si wako!”

“Ni wangu!” nikapiga kelele. “Nimemlea mwenyewe!”

Yule mgeni akaruka nyuma. Akina mama wawili wakanidaka mabega. “Toka kwa jina la Yesu!” Mimi nanyoosha kidole kwa jogoo.

Ndipo mume wangu akasimama kule upande wa wanaume, kofia mkononi.

“Bwana asifiwe,” akasema kwa upole.

“Amina,” kanisa likaitika.

“Mwachieni mke wangu, hana pepo. Jogoo nimemleta mimi. Mke wangu alipolazwa hospitali, nilimwahidi Mungu kwamba akipona, nitamtolea jogoo huyu.”