Mfuko wa Namba Kumi na Saba

Mtaani kwetu walimwita Mama Vijidudu, naye aliitika, kwani wapo wanaoitwa vibaya zaidi kwa kazi zisizomfaa mtu yeyote. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mtumishi wa maabara ya udongo, mwenye koti jeupe lililopungua kifungo kimoja licha ya mwenyewe kuolewa na fundi cherehani. Kazi yake ilikuwa kulisha bakteria. Hawa hukaa kwenye mizizi ya maharage, ndani ya vinundu vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti, wakainyonya hewa na kuigeuza mbolea. Majirani tulimuuliza kama wanauma. Alitujibu kwamba hawaumi, hawapigi kelele na hawaji kuomba sukari, ndiyo maana anapenda kushinda nao.

Aina zilikuwa thelathini na kitu, kila moja na namba yake, ndani ya mrija wa kioo wenye chakula kigumu kama jeli. Kila mwezi alizihamishia mirija mipya, la sivyo zingekufa njaa. Namba kumi na saba ilikuwa na lebo ya ziada, mwandiko wa mtoto kwa kalamu ya bluu: "Wa kwangu, usimwage." Binti yao wa pekee alikuwa na miaka kumi na mmoja alipoung'oa mharage walimotoka bakteria hao kwenye bustani ya shule kwa kijiko cha chai, akamletea mama yake. Mwaka uliofuata homa ikamchukua kwa siku tatu. Bustani ikajengwa vyoo. Shule ilihitaji vyoo. Mama alirudi kazini siku ya nane, kwa sababu mirija ilikuwa imefika tarehe.

Nyumbani hawakumtaja tena. Fundi alishona, mama alipika, na maongezi yakawa ya nyuzi na mvua. Miaka tisa.

Kisha akaja mkuu mpya wa maabara, kijana mwenye shahada tatu na subira nusu, akaamuru aina za zamani zimwagwe. Mradi mpya ulikuwa na bakteria wake, kwenye paketi zenye picha ya mkulima anayecheka. Mama alimwaga mrija mmoja baada ya mwingine kwa mikono yake mwenyewe. Namba kumi na saba tu aliichanganya na mboji yenye unyevu, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akabandika lebo ile na kuificha ndani ya chungu chini ya kitanda, penye giza na ubaridi. Humo ingekaa hai miezi miwili mitatu, hadi apate pa kuilisha tena. Hakumwambia mumewe. Kumwambia kungemlazimu ataje jina la mtoto.

Wiki hiyohiyo alitumwa safari ya siku tatu kufundisha wakulima kutumia zile paketi. Fundi, akitafuta kiatu, akauona mfuko. Ulikuwa umetoka jasho kwa ndani na unanuka uvundo. Akasoma lebo. Baadaye alinisimulia kwamba alikaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi, kisha akafanya kile ambacho mtu wa vitambaa hufanya akikuta kitu kibichi kinataka kuoza.

"Mama, nimekuokolea kitu," alimwambia mkewe aliporudi. "Kilikuwa kinaharibika. Nimekianika juu ya bati siku mbili."

Akampa kimfuko cha pamba, kimeshonwa mshono wa mara mbili, kina bitana, na lebo imetiwa pindo pande zote nne. Ndani yake mlikuwa na unga mkavu kama ugoro.

"Siku mbili?"

"Jua lilikuwa kali. Bahati nzuri."

Mama, aliyejua kwamba jua kali huwaua bakteria hao, akasema ahsante, fundi, umeshona vizuri. Kesho yake aliiba kona ya meza maabara akapanda ule unga kwenye sahani nne za chakula cha bakteria. Baada ya siku tano ikaota kuvu tu. Akapanda nyingine nne. Kuvu tena. Aliendelea hadi unga ukabaki konzi moja, na hiyo fundi akaomba waipande na maharage nyuma ya jiko.

Wiki ya sita fundi aling'oa shina moja, akaingia nalo ndani likidondosha udongo.

"Wamo. Hesabu mwenyewe."

Vinundu vilikuwepo, vitano. Mama akakipasua kimoja kwa ukucha. Kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu ndani kama ufizi. Hiki kilikuwa cheupe: bakteria wapangaji wa udongo wowote, wanaokula bila kuchangia.

"Ndio wake?" fundi akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalitaja jina la mtoto.

Mama akafumba kiganja.

"Ndio wake."

Jioni ile walimzungumzia binti yao mpaka chakula kikapoa. Nje, majani ya maharage yalikwishaanza kuwa manjano kwa kukosa mbolea. Fundi, anayeweza kutenganisha nyuzi kumi za manjano bila miwani, hakusema lolote kuhusu majani. Aliendelea kuyamwagilia kila asubuhi, na mama akawa anamshikia ndoo.